Mtandao wa Kompyuta Hospitalini

Mtandao wa kompyuta hospitalini ni utaratibu wa nyaya na mawimbi ya redio uunganishao masjala, maabara, duka la dawa na wodi, ili habari za mgonjwa zimfikie tabibu kabla mgonjwa mwenyewe hajaketi mbele yake. Nchini Tanzania mfumo wa serikali wa taarifa za hospitali, GoT-HoMIS, hutegemea mtandao wa namna hii.

Waya wa shaba haufai kuzidi mita 100 baina ya kompyuta na swichi, yaani kifaa kiunganishacho kompyuta za mtandao. Masafa yakizidi, hasa baina ya jengo na jengo, hutandazwa mkongo wa nyuzi za kioo, ambao haupitishi umeme, hata radi ipigayo jengo moja isipate njia humo ya kuunguza swichi za jengo la pili, nayo ni fadhila kubwa katika mvua za masika. Mawimbi humfaa muuguzi apitaye kitanda hata kitanda na kishikwambi chake, ilhali kuta za chumba cha eksirei, zilizokingwa kwa madini ya risasi, huyadhoofisha mno.

Katika Likawage, kata ya wilaya ya Kilwa iliyo mbali na pwani, sharti la kwanza la mtandao ni umeme, kwani swichi isiyo na betri huzimika pamoja na taa, na mkunga akabaki gizani bila daftari. Fauka ya hayo, tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na intaneti ikazorota nchini. Basi seva ya kumbukumbu za wagonjwa na ikae ndani ya hospitali yenyewe.