Kesi ya Kijiti Ilivyohukumiwa Ng'ambo

Mwanamke mmoja wa Dar es Salaam alivuka bahari kwenda Unguja kutembea. Alikuwa mjamzito. Wenyeji wake, wanawake wawili, wakatoka naye kwenda ngomani nje ya mji, na kileo wakabeba. Huko mwanamume aitwaye Kijiti akampeleka vichakani, akamnajisi, akamuua. Shauri lilipofika mahakamani, Kijiti alikuwa keshatorokea bara. Waliotiwa hatiani ni wale wenyeji wawili waliojitokeza kutoa ushahidi. Kosa lao lilikuwa kuleta pombe.

Hayo yalitokea Zanzibar ilipokuwa chini ya himaya ya Uingereza, katika miaka iliyofuata Vita vya Kwanza vya Dunia. Mashauri ya wanyonge wa namna hiyo yalikuwa mengi, na mengi yamefukiwa katika majalada. Hili halikufukika, kwa kuwa mwimbaji Siti binti Saad na wenzake walilitungia wimbo, "Kijiti".

Siti alizaliwa Fumba, kusini mwa Unguja, karibu na mwaka 1880, katika familia ya watu waliopitia utumwa. Jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza mjini, akiwaita wanunuzi kwa sauti iliyomfanya ajulikane kabla hajawa mwimbaji. Mwaka 1911 alihamia mjini, akakaa Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na makazi ya watu wa chini: wachukuzi, mafundi, vibarua, wauza vyakula na waliotoka utumwani.

Wakati huo muziki wa taarabu ulikuwa burudani ya waungwana. Simulizi za Zanzibar zinasema Sultani Barghash ndiye aliyemtuma Mohammed Ibrahim kwenda Misri kujifunza muziki huo, na klabu ya Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905. Kilichoimbwa kwa watukufu kiliimbwa kwa Kiarabu. Siti akaimba kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha mtaani, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Kabla ya hapo ni nani aliyefikiri kwamba sauti ya binti wa Fumba ingetoka kwenye gramafoni?

Namna kundi lake lilivyotunga ndiyo inayoeleza nguvu ya "Kijiti". Usiku, nyumba ya Siti ilikuwa baraza. Walikuwapo Maalim Shaaban, Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi na Mbaruku, na majirani walikuja na habari za siku: karani aliyekula fedha za watu, mume aliyempiga mkewe, kesi iliyoamuliwa kwa upendeleo. Habari ilijadiliwa, ikapimwa, ikatiwa vina, ikapigiwa udi na fidla. Wimbo ulipotoka pale, ulikuwa umekwisha kupita mbele ya wazee wa mtaa.

Wimbo wenyewe umejengwa kama shauri linalosikilizwa upya. Unaanza kwa kuita watu waje watazame kitendo cha Kijiti: alimchukua mgeni kana kwamba wanakwenda kucheza mchezo wa watoto wa kukimbizana, akamrudisha akiwa maiti. Kisha zinafuata hatua za safari. Wanawake wametoka nyumbani bila ya kuaga, pombe ya jini imo kapuni, ngoma inachezwa Chukwani, na mauti yanawakuta Sharifu Msa. Mtu wa Unguja aliyesikia majina hayo aliijua njia. Aliweza kuifuata kwa miguu.

Halafu anasema marehemu. Anaeleza alivyoshawishiwa kuondoka, na kwamba lau angelijua, asingelikwenda. Mahakamani hakuna aliyeweza kumwita shahidi huyo; wimbo ukamwita. Baada yake anaonekana jaji kitini, akiwatukana mashahidi kwa Kiingereza na kuamuru wafungwe. Watunzi hawaufichi mshangao wao: muuaji amevuka salama, waliosema kweli ndio waliogharikishwa. Mwishoni Kijiti anaonywa asikanyage Dar es Salaam, maana huko anangojwa kwa wembe, na watu wanamwapiza Mungu ampe matende.

Hukumu hiyo ilitolewa mahali ambapo Kijiti asingeweza kuitoroka. Mtu aliyeimbwa na Siti alikuwa ameimbwa harusini, vibarazani, na jikoni ambako wanawake waliurudia wimbo wakipika. Kwa mwanamke wa Ng'ambo, wimbo ulikuwa pia na jambo la kumgusa mwenyewe. Ni wengi waliokuwa wametoka usiku kwenda ngomani. Wengi waliwahi kumpokea mgeni na kutaka afurahi. Wimbo haukuwaficha wale wawili wala kapu lao la jini. Yote uliyasema, na bado ukawaita waliodhulumiwa. Hapo ndipo ulipokaa moyoni mwa wasikilizaji wake.

Miongoni mwa waliovutwa na sauti hiyo tangu utotoni alikuwa Fatuma binti Baraka, aliyekuja kujulikana duniani kwa jina la Bi Kidude. Kwa maelezo yake mwenyewe, nyimbo za Siti alizijua kwa kumsikiliza akiimba. Siti alifariki Julai 1950, na mwandishi Shaaban Robert akauandika wasifu wake. Bi Kidude akaendelea kwa zaidi ya miaka 60. Aliimba "Kijiti" kwa sauti nzito iliyokwaruza, yeye aliyekuwa pia somo wa unyago, mwenye kuwafunda wasichana mambo ya mwili na ya mume kwa mdundo wa msondo. Kinywani mwake kisa kile hakikuwa cha zamani. Kilikuwa onyo kwa binti anayekaribia kuolewa. Alipopewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005 alikuwa amekwisha kuziimba nyimbo za Siti kwenye majukwaa ya Ulaya na Asia, mbele ya watu wasioijua Chukwani wala Sharifu Msa.

Bi Kidude alifariki Aprili 17, 2013. Mwaka 2020 Siti Muharam, kitukuu cha Siti binti Saad, alitoa albamu ya nyimbo za bibi yake, "Kijiti" ukiwamo. Kesi ile basi imepokezanwa na wanawake kwa takriban karne nzima: mfinyanzi wa Fumba, somo wa unyago, na kitukuu anayerekodi studio, kila mmoja akimtaja muuaji kwa jina mbele ya watu wa zama zake.