Dawa Mbadala katika Tiba ya Jongo ya Wahindi wa Kale

Maradhi ambayo matabibu wa Kihindi huyaita vatarakta, na ambayo wafasiri wa karne ya 20 wamezoea kuyalinganisha na jongo, yameelezwa kirefu katika sura ya 29 ya sehemu ya tiba ya kitabu cha Charaka. Jina hilo la Kisanskriti lina maana ya upepo na damu: damu iliyochafuka huziba njia, na upepo uliozuiwa huichafua zaidi. Wanaoshikwa ni watu laini, wala vizuri, wasiotembea kwa miguu. Tena wapandao ndovu na farasi. Ndiyo sababu maradhi hayo huitwa pia ugonjwa wa matajiri. Ulinganisho na jongo si mbaya, basi, ijapokuwa neno la Kihindi ni pana zaidi.

Dawa yake kuu ni mmea utambaao uitwao guduchi. Lakini sura hiyo huagiza pia samli iliyochemshwa pamoja na mimea ya kutia uhai, ambayo baadhi yake hutoka milima ya Himalaya. Mimea minane ya namna hiyo, iitwayo kwa pamoja ashtavarga, iliadimika mapema. Katika karne ya 16 Bhavamishra, mtungaji wa Bhavaprakasha, alikiri kwamba hata wafalme hawaipati kwa urahisi. Akaweka mimea minne mahali pa ile minane: shatavari badala ya meda na mahameda, vidari badala ya jivaka na rishabhaka, ashvagandha badala ya kakoli mbili, na varahi badala ya riddhi na vriddhi. Varahi, kwa kawaida, ni kiazi kikuu cha mwitu ambacho huota pia katika Afrika ya kitropiki.

Kanuni yake ilikuwa kali. Kibadala sharti kifanane na asili kwa ladha, kwa sifa, kwa nguvu ya joto au ubaridi, na kwa matokeo yake baada ya kusagwa tumboni. Tena kiungo kikuu hakibadilishwi kamwe: dawa iliyojengwa juu ya guduchi haiwezi kukosa guduchi ikabaki dawa ile ile. Hapo ndipo penye mpaka kati ya tabibu na mwuzaji mdanganyifu.

Hata hivyo Bhavamishra hakuitii kanuni hiyo daima. Kitabu chake mwenyewe husema kakoli ni baridi, na ashvagandha ni ya moto. Kwa mgonjwa ambaye viungo vyake vinawaka na damu yake imechafuka, tofauti hiyo si ndogo. Pengine ufanano wa kutia nguvu mwilini ulimtosha.

Wataalamu wa mimea wa karne ya 20 waliilinganisha baadhi ya ile minane na orkidi na mayungiyungi ya milimani. Biashara ya kimataifa ya orkidi huongozwa na mkataba uliotiwa sahihi Washington mwaka 1973, na vibadala vya Bhavamishra vingali vinatumika.