Katoro: mji uliojengwa na watu wa maduara

Mei 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza majimbo mapya 8, na Katoro, iliyomegwa kutoka Busanda, ikawa mojawapo. Heshima hiyo Katoro imeistahili. Lakini mji huu haukukuzwa na kalamu ya ofisini. Umekuzwa na vijana waliotoka Shinyanga, Mwanza, Kagera na Kigoma kufuata rashi ya dhahabu, na wanawake waliowafuata wakiwa na masufuria yao.

Katoro haina bahari wala gati, ila maisha yake ni ya bandari: watu na bidhaa huingia na kutoka mchana na usiku. Iko kwenye barabara kuu itokayo Geita kwenda Chato na Biharamulo, imeshikana na Buseresere iliyo upande wa Wilaya ya Chato. Jirani ziko Rwamgasa na Nyarugusu. Huko mawe huchimbwa, hapa fedha hutumika.

Mtu asiyejua machimbo hudhani kazi ni ya anayeshuka tu. Duara moja, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, hulisha wengi. Kuna mwenye leseni, kuna mwenye duara anayegharimia chakula, kamba na pampu ya maji, kisha wachimbaji wenyewe ambao kwa kawaida hawana mshahara. Wanasubiri mawe yatoke ndipo mgawo ufanyike. Yasipotoka, miezi ya jasho imekwenda bure. Nje ya shimo kuna wakata magogo ya matimba yanayozuia kuta zisiporomoke, wenye makarasha ya kusaga mawe, waoshaji wa mwaloni, wachomaji dhahabu, mafundi wa kuchomelea vyuma, mama lishe, bodaboda na wanunuzi. Katika hesabu za kitaifa wengi wao hawaonekani popote. Zebaki ambayo waoshaji na wachomaji huishika kwa mikono mitupu iliwafanya watafiti wa Umoja wa Mataifa waichague Rwamgasa kuwa moja ya vituo vya mradi wao wa kimataifa wa zebaki, mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Historia ya mwanzo inajulikana. Wajerumani waliiona dhahabu ya Geita mwishoni mwa karne ya 19. Waingereza wakaendesha mgodi mkubwa wa chini ya ardhi tangu miaka ya 1930, ukafungwa 1966. Pamba ikabaki zao la fedha la Wasukuma. Bei yake ilipozorota na serikali ikalegeza masharti ya biashara ya madini, Benki Kuu ikinunua dhahabu mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu waliacha majembe wakashika moko na nyundo.

Kilichowatikisa watu wa kazi hii kuliko kingine chochote kilitokea Bulyanhulu, kusini mwa Geita, wakati huo ikiwa Wilaya ya Kahama. Agosti 2026 inatimiza miaka 30 tangu siku hizo. Wachimbaji wadogo walikuwa wamejaa Bulyanhulu tangu miaka ya 1970. Nyumba, maduka na mashine za kusaga mawe vilikuwa vimesimama. Mwaka 1994 Kahama Mining Corporation, kampuni tanzu ya Sutton Resources ya Kanada, ilipewa haki juu ya eneo hilo. Wachimbaji hawakuondoka. Tarehe 30 Julai 1996 serikali, kupitia Waziri wa Nishati na Madini William Shija, iliwaamuru waondoke mara moja. Watu waliokuwa na mali ya miaka mingi walipewa muda usiotosha hata kung'oa mabati.

Timu ya Wanasheria Watetezi wa Mazingira, LEAT, iliyoifuatilia kesi hii kuliko yeyote, inasema Mahakama Kuu ilitoa amri ya kusitisha zoezi lile siku chache tu baadaye, na kwamba mabuldoza yaliendelea kufukia mashimo licha ya amri hiyo. Palizuka madai kwamba wachimbaji 52 walifukiwa wakiwa hai. Serikali na kampuni zilikanusha. Kampuni ya Barrick ilinunua Sutton mwaka 1999, mgodi ukaanza uzalishaji 2001, na mwaka 2002 ofisi ya Benki ya Dunia inayopokea malalamiko ilisema haikupata ushahidi wa kuyathibitisha madai ya vifo. LEAT haikukubali. Ofisi zake zilipekuliwa na polisi, na wanasheria wake Rugemeleza Nshala na Tundu Lissu walishtakiwa kwa uchochezi.

Nimesoma maelezo ya pande zote mbili, na jambo linalonikera ni hili: mabishano yote yaliishia kwenye idadi ya waliokufa. Waliobaki hai, waliofukuzwa na kupoteza maduara, makarasha na biashara, walibaki pembeni. Fidia ya kazi iliyoporomoshwa kwa siku chache ingepaswa kujadiliwa kwa uzito uleule. Mtu aliyechimba duara kwa miaka, akakopa kwa ajili ya matimba, alikuwa na uwekezaji kama wa yeyote.

Baada ya wachimbaji kufukuzwa Bulyanhulu, Sheria ya Madini ya 1998 ikafuata, kisha mgodi mpya wa Geita mwaka 2000. Machi 2017 serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia, yaani mchanga wenye madini, na makontena 277 yakakwama Bandari ya Dar es Salaam. Kwa watu wa Kahama gati la mbali liligeuka suala la mkate: Acacia, kampuni tanzu ya Barrick iliyokuwa ikimiliki Bulyanhulu, ilipunguza shughuli, na karibu wafanyakazi 2,000, wa ajira na wa wakandarasi, wakaguswa. Machi 2019 soko la dhahabu likafunguliwa Geita ili mchimbaji mdogo auze hadharani.

Mbunge wa kwanza wa Katoro anatumwa Dodoma na mama lishe, fundi wa karasha na mchimbaji asiye na mkataba. Aanze na bima ya afya yao, kisha aombe rekodi za Bulyanhulu zifunguliwe, zikiwemo za mali zilizoachwa nyuma.