Ardhi ya Sawad na Haki ya Wasiozaliwa

Ugomvi wa ardhi ni katika mambo yanayowafikisha ndugu wa damu mbele ya kadhi, na pia yanayowaingiza watawala vitani. Kwa hiyo kila falsafa ya siasa imelazimika kuulizwa: ardhi ni ya nani?

John Locke wa Uingereza, katika kitabu chake cha 1689, alijibu kuwa ni ya yule aliyeitia jasho lake. Hoja hiyo ikaja kutumiwa kuwapokonya wenyeji wa Marekani, eti hawakuzungushia ua ardhi yao. Marx na Engels mwaka 1848 wakataka milki binafsi ya ardhi ifutwe kabisa. Wapo wanaosema Locke anakubaliana na hadithi ya kuhuisha ardhi iliyokufa. Sisi hatuoni hivyo, kwani fuqahaa wameshurutisha ardhi hiyo isiwe na mwenyewe, na Imamu Abu Hanifa akaongeza idhini ya kiongozi.

Lakini mtihani mkubwa ulikuwa Sawad, ardhi yenye rutuba ya Iraq, iliyofunguliwa zama za Khalifa Umar bin Khattab (r.a.), aliyetawala 634–644. Wapiganaji walidai wagawiwe, na dai lao lilikuwa na nguvu: Mtume (s.a.w.) aliigawa Khaybar. Bilal (r.a.) alishikilia hivyo kwa ukali, na Abdurrahman bin Awf (r.a.) naye aliona hivyo hivyo. Umar akauliza: tukigawa leo, watakaokuja baadaye watakuta nini? Mipaka italindwa kwa mali gani, na wajane na mayatima watalishwa na nani? Ali (r.a.) alikuwa upande wake. Abu Yusuf, katika Kitab al-Kharaj, anaeleza kuwa Umar aliwaita wakubwa kumi wa Ansari, watano wa Aws na watano wa Khazraj, akawataka wasifuate matamanio yake bali haki. Hoja yake ikasimama juu ya Surat al-Hashr, aya zinazowataja Muhajirina, kisha Ansari, kisha wale wanaokuja baada yao.

Ardhi ikabaki mikononi mwa wakulima wake, wasiokuwa Waislamu, nao wakalipa kharaj. Uthman bin Hunayf (r.a.) alitumwa kuipima, ikapatikana jarib milioni 36.

Wanazuoni hawakuafikiana juu ya hukumu hiyo. Malik aliiona ardhi ya namna hiyo kuwa waqfu wa Waislamu wote, Abu Hanifa alimwachia kiongozi achague, na Shafii alisema igawiwe ila wapiganaji wakiridhia kuiacha. Tusimdharau Shafii hapa: alikuwa akilinda haki ya mtu aliyeipata, isichukuliwe kwa jina la umma. Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya 1964, mashamba yalitaifishwa na familia zikagawiwa ekari tatu tatu. Hakukuwa na ridhaa ya wenye mashamba iliyotafutwa.

Pwani ya Kenya mambo yalikwenda kinyume. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka wenye madai wajitokeze, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Taji la Uingereza. Wamijikenda wengi, waliolima kwa milki ya ukoo, hawakupata hati. Makubaliano ya Oktoba 1963 yakathibitisha hati zilizokwisha sajiliwa, na wajukuu wa waliokosa wakarithi jina la maskwota.