Uganda: Pedi ya kitambaa huhitaji maji, sabuni na jua

Nchini Uganda, pedi za kitambaa zinazofuliwa na kutumiwa tena zimekuwa tegemeo la wasichana na wanawake wengi wasiomudu kununua pedi za kutupwa kila mwezi. Hushonwa viwandani na katika vikundi vya akina mama, hugawiwa shuleni, na zimefika hadi katika makazi ya wakimbizi ya kusini-magharibi, ambako Kiswahili husikika kila siku miongoni mwa watu waliotoka Kongo na Burundi. Pedi iliyotengenezwa vizuri huweza kutumika mwaka mzima au zaidi. Hata hivyo, manufaa hayo hutegemea namna inavyofuliwa na, zaidi ya yote, mahali inapoanikwa.

Hapo ndipo penye ugumu. Kitambaa cha hedhi huhitaji jua na upepo, ilhali aibu hukipeleka chini ya godoro, nyuma ya mlango au chini ya nguo nyingine. Mwanamke aliyefua kwa bidii anaweza kupoteza kazi yake yote kwa sababu ya mahali alipoanika.

Suala la gharama

Katika kampeni za uchaguzi wa mwaka 2016, Rais Yoweri Museveni aliahidi kwamba serikali ingewapatia wasichana wa shule pedi bila malipo. Mwezi Februari mwaka 2017, Wizara ya Elimu ililieleza Bunge kwamba fedha za kutekeleza ahadi hiyo hazikupatikana. Mwaka huohuo, nchi jirani ya Kenya ilipitisha sheria inayoitaka serikali kuwapatia wasichana wa shule pedi bila malipo. Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa taulo za kike mwaka 2018, kisha ikairudisha mwaka 2019 kwa maelezo kwamba bei madukani haikushuka.

Katika mazingira hayo, pedi ya kufua ilipata nafasi. Kampuni ya AFRIpads, iliyoanza kazi mwaka 2010 katika eneo la Masaka, ni miongoni mwa watengenezaji wanaofahamika zaidi katika ukanda huu, na Shirika la Viwango la Uganda limeweka kiwango cha kitaifa kwa pedi za aina hiyo. Zaidi ya hapo, wako wanaojishonea wenyewe nyumbani, na wako wanaokata vipande vya kanga kuukuu au shuka la pamba kama walivyofanya mama na bibi zao.

Pedi ilivyoundwa

Pedi ya kiwandani kwa kawaida ina tabaka tatu. La juu, linalogusa mwili, ni laini na hupitisha majimaji haraka. La kati hunyonya na kuhifadhi damu. La chini ni kitambaa chenye utando mwembamba wa plastiki unaozuia damu kupenya hadi kwenye nguo. Pembeni kuna mabawa mawili yenye vifungo vya kubana, yanayoishika pedi isihame kwenye chupi.

Kuzijua tabaka hizo ni muhimu, kwa kuwa makosa mengi ya ufuaji hutokana na kuichukulia pedi kama kitambaa cha kawaida. Kipande cha pamba tupu huvumilia maji yanayochemka na pasi ya moto. Utando wa plastiki hauvumilii: pasi huuyeyusha, na joto kali huuchubua hadi pedi ianze kuvujisha.

Namna ya kufua

Pedi mpya hufuliwa kabla ya kuvaliwa mara ya kwanza, ili kuondoa vumbi na dawa za kiwandani. Inapovaliwa, inafaa kubadilishwa kila baada ya saa 4 hadi 6, au mapema zaidi damu inapokuwa nyingi. Kila mtu awe na pedi zake. Hazifai kuazimana, hata kati ya mama na binti au dada kwa dada.

Baada ya kuvuliwa, pedi hulowekwa katika maji baridi kwa muda wa nusu saa hivi. Maji ya moto hayafai mwanzoni, kwa sababu damu ina protini ambayo hugandishwa na joto, kama ute wa yai unavyoganda kikaangoni. Doa likigandishwa hivyo huwa vigumu kutoka. Kuloweka usiku kucha au kwa siku kadhaa pia hakufai, maana maji yaliyotuama yenye damu ni mahali pa vijidudu kuzaliana, na harufu yake hushika kitambaa.

Maji ya kwanza yakishamwagwa, pedi hupakwa sabuni ya kawaida ya kipande na kusuguliwa kwa mkono, kitambaa kwa kitambaa. Burashi ngumu huchakaza tabaka la juu. Kisha husuuzwa mara kadhaa hadi maji yatoke meupe, bila damu wala povu. Hatua hiyo haistahili kuharakishwa, kwa kuwa sabuni iliyobaki ndani ya kitambaa huwasha ngozi. Mwishoni pedi hukamuliwa kwa kubanwa kati ya viganja, si kwa kusokotwa kwa nguvu.

Jiki na dawa nyingine za kung'arisha nguo hazifai. Huondoa doa, lakini hudhoofisha nyuzi na utando wa chini, na mabaki yake hudhuru ngozi nyororo ya sehemu za siri. Dawa za kulainisha nguo nazo hupunguza uwezo wa pedi wa kunyonya. Doa lililofifia baada ya kufua vizuri halina madhara. Ndiyo sababu watengenezaji wengi hushona pedi kwa rangi nzito au vitambaa vya maua.

Beseni hilo lisiwe la vyombo vya chakula. Likitumika pia kwa nguo nyingine, lioshwe kwa sabuni kwanza. Maji machafu humwagwa chooni au katika shimo la maji taka, mbali na kisima na mto. Mikono huoshwa kabla ya kubadilisha pedi na baada ya kufua.

Jua ni sehemu ya ufuaji

Kuanika juani si jambo la kumalizia tu. Mwanga wa jua huua sehemu kubwa ya vijidudu vilivyosalia baada ya sabuni, na ukavu huvinyima vilivyobaki unyevu vinaouhitaji ili viishi. Pedi iliyoanikwa chumbani huweza kuonekana kavu kwa nje huku tabaka la kati likiwa bado na unyevu, na hilo ndilo makazi ya fangasi.

Utafiti uliofanywa katika jimbo la Odisha nchini India, na kuchapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba miongoni mwa wanawake waliotumia vitambaa tena na tena, maambukizi ya fangasi yalionekana zaidi kwa wale waliokausha vitambaa ndani ya nyumba na wale waliovihifadhi kwa kuvificha chooni. Odisha iko mbali na Masaka, lakini kisa cha kuficha ni kilekile.

Mahali panapofaa ni kwenye kamba, palipo na jua la moja kwa moja, tabaka la juu likielekea jua, hadi pedi ikauke kabisa hata katikati. Anayeona haya anaweza kuianika kati ya nguo nyingine kwenye kamba hiyohiyo, mradi isifunikwe. Pedi yenye maua iliyokunjuliwa mabawa haina tofauti kubwa na kitambaa kingine chochote. Familia nyingine hutenga kamba fupi nyuma ya nyumba, ndani ya uzio wa mabua au matete, penye faragha lakini pasipozuiwa jua.

Kuanika juu ya nyasi au chini hakufai hata kidogo. Uganda, kama sehemu nyingi za Afrika ya kitropiki, ina aina ya nzi anayetaga mayai kwenye udongo na nguo zenye unyevu, hasa kivulini. Mayai yakianguliwa, funza wake hujipenyeza ndani ya ngozi ya anayevaa nguo hiyo na kusababisha jipu lenye maumivu. Kamba, jua kali na ukavu kamili ndiyo kinga ya pedi ambayo haiwezi kupigwa pasi.

Msimu wa mvua

Katika sehemu kubwa ya Uganda mvua hunyesha kwa misimu miwili, kuanzia Machi hadi Mei na kuanzia Septemba hadi Novemba. Katika miezi hiyo, mwenye pedi mbili au tatu tu hujikuta akivaa pedi mbichi. Dawa ya kwanza ni kuwa na idadi ya kutosha ili zipokezane, na ya pili ni kufua asubuhi mapema ili kulipata jua la mchana. Mvua isipokatika, pedi zianikwe chini ya paa la baraza penye upepo, zikiachiana nafasi, kisha zitolewe nje mara jua linapochomoza.

Kukausha pedi juu ya jiko la mkaa si salama, kwa sababu ya moshi na hatari ya kuunguza utando. Anayetumia vipande vya pamba tupu, visivyo na utando wa plastiki, ana nafuu zaidi: baada ya damu kutolewa kwa maji baridi, anaweza kuvichemsha, na vikishakauka akavipiga pasi ya mkaa pande zote mbili.

Pedi kavu hukunjwa na kuwekwa katika mfuko safi wa kitambaa, mahali pakavu pasipo na vumbi wala wadudu. Chooni na bafuni si mahali pa kuzihifadhi.

Makambini na shuleni

Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, ni miongoni mwa makazi ya zamani zaidi ya wakimbizi barani Afrika. Katika sehemu kama hiyo, kugawa pedi peke yake hakutoshi. Viwango vya kimataifa vya misaada ya kibinadamu, vijulikanavyo kama Sphere, vinataja kwa kila mwanamke aliye katika umri wa hedhi pedi 6 za kufua kwa mwaka, gramu 250 za sabuni ya ziada kila mwezi, chombo chenye mfuniko cha kulowekea na kuhifadhia, pamoja na kamba na vibanio vya kuanikia. Viwango hivyo pia huweka lita 15 za maji kwa mtu mmoja kwa siku kuwa kiwango cha chini. Kwa maneno mengine, kamba ya kuanikia huhesabiwa kuwa msaada sawa na pedi yenyewe. Pasipo maji, sabuni na kamba, pedi ya kufua huwa mzigo kwa aliyepewa.

Shuleni hali ni hiyohiyo. Msichana wa kutwa huhitaji mahali pa kubadilisha penye mlango unaofungika, na kifuko kisichopitisha maji cha kubebea pedi iliyotumika hadi nyumbani, ambako inafaa ifuliwe siku hiyohiyo. Katika shule za bweni, haja kubwa ni uwanja mdogo wa kuanikia upande wa bweni la wasichana, uliozungushiwa uzio lakini ulio wazi kwa juu.

Aibu na mafunzo ya nyumbani

Miongoni mwa Waganda, shangazi, aitwaye ssenga, ndiye kwa desturi aliyemfunda msichana mambo ya utu uzima, kama somo au kungwi alivyofanya katika pwani ya Waswahili. Mafunzo hayo yalisisitiza usiri: damu isionekane, na mwanamume asijue. Usiri huo ulikuwa na heshima yake, na hakuna anayelazimika kuutangaza mwili wake. Lakini Waswahili husema mficha uchi hazai, na sitara ya mwanamke haivunjwi na kitambaa safi kilichokwisha kufuliwa.

Kwa wasikilizaji Waislamu, jambo hili halina utata. Katika fikihi, damu ya hedhi ni najisi, lakini nguo iliyoingia damu hutahirika kwa kuoshwa kwa maji, na baada ya hapo ni nguo kama nguo nyingine. Kilichooshwa kikatahirika hakina sababu ya kufichwa jua.

Wanaume nao wanahusika, maana mara nyingi baba ndiye anayenunua sabuni, anayejenga uzio na anayeamua kamba ifungwe wapi. Baba anayefunga kamba ya pili nyuma ya nyumba bila kuuliza maswali amekwisha kumsaidia binti yake.

Wakati wa kuiacha pedi, na wakati wa kwenda kituo cha afya

Pedi huachwa inapotoboka, utando wa chini unapobanduka, vifungo vinapolegea, au harufu inapobaki hata baada ya kufuliwa na kuanikwa vizuri. Haifai kutupwa katika choo cha maji, kwa kuwa huziba bomba, wala katika choo cha shimo, kwa kuwa utando wake hauozi na shimo hujaa upesi. Inafaa ifuliwe mara ya mwisho, ifungwe na kutupwa pamoja na taka ngumu.

Muwasho usiokoma, uchafu ukeni wenye harufu au rangi isiyo ya kawaida, maumivu wakati wa kukojoa, maumivu ya chini ya kitovu au homa ni dalili za kumpeleka mwanamke kituo cha afya bila kusubiri hedhi ipite. Hapo amweleze mhudumu anatumia nini na anakianika wapi. Jawabu la swali hilo la pili mara nyingi humsaidia mhudumu kujua pa kuanzia.