Kuuza muvi yako kwa DVD kupitia intaneti: uza nakala, usiuze masta



Kuna vijana wengi wanashuti muvi kwa kamera ya kuazima, halafu swali linakuwa lile lile: tunaiuzaje? Mimi nilishaingia mkenge, kwa hiyo nawawekea ninayoyajua ili msiyarudie.

YALIYONIKUTA

Mwaka 2009 mimi na washkaji tulishuti muvi Matombo, kule milimani Uluguru. Hadithi ilikuwa ya shamba la ukoo. Kwa Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba ana sauti kubwa. Tukaipeleka Dar kwa msambazaji mmoja. Akatupa hela taslimu, tukasaini karatasi moja bila kuisoma vizuri, tukamwachia masta.

Baada ya miezi michache binamu yangu aliyeko Muscat akaniandikia: kuna watu kumi wanataka DVD, atume hela wapi? Sikuwa na ruhusa ya kumuuzia hata moja. Leo muvi iko YouTube, matangazo yanapita, sisi hatupati hata senti. Na kiukweli jamaa hakutuibia. Karatasi ilisema tumeuza haki zote, na sahihi ni zetu.

MASTA NA NAKALA NI VITU VIWILI

DVD ni nakala tu. Mali yenyewe ni hakimiliki. Hapa kwetu inalindwa na Sheria Na. 7 ya mwaka 1999, na wanaoisimamia ni COSOTA. Tanzania iliingia kwenye Mkataba wa Berne mwaka 1994, maana yake kazi inalindwa tangu ulipoitengeneza. Kusajili COSOTA kunakupa ushahidi siku ya ugomvi.

Ukikutana na msambazaji, mpe ruhusa, usimpe umiliki. Mkataba useme mambo matano:

1. Anauza kwa njia gani: DVD peke yake, au na TV na intaneti?
2. Nchi zipi?
3. Miaka mingapi?
4. Unapata kiasi gani kwa kila nakala, na hesabu unaonyeshwa lini?
5. Muda ukiisha, masta inarudi kwa nani?

Kisichoandikwa, usidhani kipo.

ALIYEUZA MWENYEWE

Josiah Kibira, Mtanzania aliyeishi Minnesota, Marekani, alitengeneza Bongoland (2003), Tusamehe (2005) na Bongoland II (2008). Alikuwa na kampuni yake, Kibira Films, na DVD aliziuza kupitia tovuti yake. Mbongo wa ughaibuni aliyekumbuka nyumbani hakuhitaji kufika Kariakoo. Wakati huo huo huku nyumbani muvi nyingi zilikuwa zinakatwa sehemu ya kwanza na ya pili, na msambazaji ndiye anayeamua.

KABLA HUJATUMA DISKI

- Muvi ipite Bodi ya Filamu kwanza. Stempu za kodi kwenye filamu na muziki zilianza mwaka 2013, kwa hiyo waulize TRA utaratibu wa sasa.
- DVD ya kawaida inabeba GB 4.7. Ukilazimisha muvi ndefu kupita kiasi, picha inaharibika.
- Sisi tuko kanda ya 5, Oman na sehemu kubwa ya Ulaya ni kanda ya 2, Marekani ni ya 1. Diski yako iache bila kufuli la kanda, icheze kote.
- Sisi na Oman tunatumia PAL, Marekani NTSC. Muulize mteja yuko wapi kabla hujachoma.
- Choma kwa oda. Diski mia zilizokaa chini ya kitanda ni hasara.
- M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008. Pokea hela kwanza, ndipo upeleke mzigo Msamvu kwenye basi, au posta kwa wa nje.
- Gharama ya kutuma mweleze mteja mapema. Diski moja kwenda mbali inaweza kugharimu zaidi ya bei yake, kwa hiyo waambie wajumuike, waagize pamoja.

JE, DVD IMEKUFA?

Imepungua sana. Netflix, iliyoanza kwa kukodisha DVD kwa posta, ilituma ya mwisho Septemba 2023. Watu sasa wanaangalia kwenye simu. Lakini hapo ndipo mkataba unapouma: ukiuza haki zote leo, umeuza na njia ambazo bado hazijagunduliwa. Sisi mwaka 2009 hatukuwa tunaiwazia YouTube kabisa.

Kama una karatasi mezani na kalamu mkononi, isome mara mbili, halafu mpe na mwingine aisome.

Kazi kwenu, wadau.