Mbegu ya Nani? Sudan Kusini na Mjadala wa GMO kwa Jicho la Historia

Mjadala kuhusu mazao yaliyobadilishwa vinasaba, maarufu kama GMO, umegawanya Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka ishirini. Wapo wanaosema mbegu hizo zitamaliza njaa, na wapo wanaosema zitaleta maradhi na kuangamiza mbegu za asili. Insha hii inautazama mjadala huo kwa jicho la historia. Hoja yangu ni kwamba kwetu Sudan Kusini mbegu ngeni si jambo jipya, na swali ambalo limekuwa likirudi kila mara ni hili: nani anaamua kipandwe nini, na nani anafaidika?

Kwanza, tuondoe dhana kwamba mbegu za asili hazijawahi kubadilishwa. Mtama, ambao hapa Juba tunauita dura, ulitokana na nyasi za porini. Wanaakiolojia wamepata karibu na Kassala, mashariki mwa Sudan, dalili za kilimo cha mtama zenye umri wa zaidi ya miaka 5,000. Wakulima walichagua masuke bora, wakayahifadhi, wakapanda tena, kizazi baada ya kizazi. Uhandisi jeni unafanya kitu tofauti: unachukua kinasaba cha kiumbe kimoja na kukiweka katika kingine. Mfano unaojulikana zaidi ni mahindi na pamba za Bt, zilizopewa kinasaba cha bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis ili mmea wenyewe uwaue viwavi wanaoula. Tofauti nyingine ni ya umiliki. Mbegu ya mtama ilikaa ghalani kwa bibi. Mbegu ya maabara mara nyingi ina hataza, na mwenye hataza yuko mbali.

Mfano wetu mkubwa wa kwanza wa mbegu iliyoletwa kwa amri ni Mradi wa Wazande. Mwaka 1943 Dkt. J. D. Tothill, mtaalamu wa kilimo katika serikali ya kikoloni, alipendekeza kwamba watu wa kusini walioko mbali na bandari walime pamba na kuigeuza nguo papo hapo. Wazo lenyewe halikuwa baya. Bodi ya Miradi ya Equatoria iliundwa, na kiwanda cha kusokota na kufuma kikajengwa Nzara. Lakini makumi ya maelfu ya familia za Wazande, waliozoea kulima ulezi na mazao mengine kwa kuyachanganya katika mashamba yaliyotawanyika, walihamishwa na kupangwa kwa mistari kando ya barabara. Pamba ikawa ya lazima, na malipo yakawa madogo. Mkulima hakuulizwa. Mwanaanthropolojia Conrad Reining, aliyeuchunguza mradi huo, alionyesha jinsi maofisa na wakulima walivyokuwa na picha mbili tofauti kabisa za mradi mmoja. Mwezi Julai 1955, wafanyakazi wapatao 300 walipoachishwa kazi Nzara, ghasia zilizuka na watu wakapigwa risasi. Mwezi uliofuata uasi wa Torit ukalipuka. Siwezi kudai kwamba pamba ndiyo iliyoleta vita, maana sababu zake zilikuwa nyingi, lakini Nzara ilikuwa miongoni mwa cheche zake.

Mfano wa pili haukuhusu kupanda bali kula. Mwaka 2002, wakati wa njaa, Rais Levy Mwanawasa wa Zambia alikataa mahindi ya msaada yenye GMO. Mwaka uliofuata serikali ya Khartoum nayo ilitaka msaada wa chakula uje na cheti cha kuthibitisha kwamba hauna GMO. Machi 2004 Marekani ikasimamisha shehena zake, kisha Khartoum ikalegeza sharti hilo kwa muda. Wakati huo mamilioni ya watu, kusini na Darfur, waliishi kwa kutegemea msaada. Watawala wawili walivutana juu ya sahani ambayo hakuna hata mmoja wao aliyekula kutoka humo. Walaji hawakuwa na kiti mezani.

Baada ya uhuru wetu wa Julai 9, 2011, majirani walishika njia tofauti. Sudan iliidhinisha pamba ya Bt mwaka 2012. Kenya ilipiga marufuku uingizaji wa vyakula vya GMO Novemba 2012, baada ya utafiti wa Ufaransa juu ya panya ambao jarida lililouchapisha liliufuta mwaka uliofuata. Marufuku hiyo iliondolewa Oktoba 2022 katikati ya ukame mkali, na kesi zikafuata mahakamani. Bunge la Uganda lilipitisha muswada Oktoba 2017, lakini Rais Museveni akaurudisha, akihoji pamoja na mengine haki za jamii zilizotunza mbegu za asili. Tanzania ilisimamisha majaribio ya mahindi ya GMO kule Makutupora, Dodoma, Novemba 2018.

Sisi tuliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na unga na mbegu hutufikia kupitia Nimule. Mahindi ya Longe 5, ambayo si GMO, yalizalishwa Namulonge, Uganda, na yamepandwa hadi Equatoria. Kwa hiyo uamuzi wa Kampala au Nairobi hauishii mpakani. Nchi isiyoweza kupima mbegu inayoingia imekwisha kuamua, hata kama haikupiga kura.

Wapo watakaosema kwamba haya ni maneno ya walioshiba. Mwenye njaa hana miiko. Hoja hiyo ni nzito, hasa tukikumbuka viwavijeshi vamizi walioingia nchini mwaka 2017 na kula mahindi ya watu. Ikiwa mbegu ya Bt inaweza kumpunguzia mkulima wa Magwi hasara na gharama ya dawa, kuikataa kwa woga tu ni kumwonea. Hata hivyo, tuangalie mwaka huohuo wa 2017. Mwezi Februari njaa ilitangazwa rasmi katika sehemu za Unity, na kufikia Agosti wakimbizi wetu nchini Uganda walikuwa wamefika milioni moja, wengi wao kutoka Equatoria, ghala la chakula la nchi. Mashamba yalibaki bila watu. Hakuna kinasaba kinachomrudisha mkulima aliyekimbia risasi.

Ndiyo maana siungi mkono kambi yoyote kati ya hizo mbili. Historia yetu inadai mambo matatu kabla ya kusema ndiyo au hapana: sheria ya usalama wa viumbe hai inayofanya kazi, maabara yenye wataalamu wetu wa kupima kinachovuka Nimule, na baraza ambamo wakulima wenyewe, hasa wanawake wanaotunza mbegu, wana sauti. Aidha, mbegu zetu za dura, ulezi na karanga zikusanywe na kuhifadhiwa sasa, kwa sababu familia inayokimbia usiku haibebi mbegu zote.

Wazande wa mwaka 1946 hawakuikataa pamba kwa kuwa ilikuwa ngeni; muhogo na mahindi, mazao yaliyotoka Amerika, yalikwisha kuingia katika mashamba ya Afrika bila amri ya gavana. Kilichowachosha ni kulima kwa hesabu ya mtu mwingine. Tukiikubali GMO bila kujiandaa, au tukiikataa kwa kufuata kelele za jirani, tutakuwa tumerudi kwenye mistari ileile ya barabara za Nzara.